Jukwaa Alilomjengea Dada

Jina la Fundi Msanii hakubandikwa bure. Maseremala wenzake walitengeneza kitanda ili mtu alale. Yeye alikitengeneza ili mtu kwanza asimame mlangoni aseme, "Lo!" Kulala kungefuata baadaye. Kuna meza yake moja yenye miguu myembamba, ya kupendeza kweli, ambayo mwenye nayo mpaka leo hathubutu kuweka sufuria juu yake. Sifa alizipenda kama mtoto apendavyo sukari. Watu walilijua hilo, wakamvika vilemba vya ukoka, naye akavivaa vyote.

Mtu mmoja tu hakumvika kilemba, naye ni dada yake mkubwa. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea. Alimwogesha, alimchapa ilipobidi, na alipoona shule imemkataa, au yeye ameikataa shule, alimshika mkono akampeleka kwa seremala akajifunze kazi. Kila Msanii alipomwonyesha kitu kipya, dada aliuliza, "Haya, na kinakalika?"

Sasa dada alikuwa mtu mzima, mke wa mwenye duka la vipuri vya magari, na magoti yake yalikuwa yamemgeuka. Asubuhi alitoka kitandani kwa kushika ukuta. Lakini ole wako umwambie pole. "Pole ya nini? Nani kafa?" Kwa hiyo familia nzima ilijifunza kujitia hamnazo. Dada akichelewa kuinuka kitini, wote walikumbuka ghafla kwamba nao hawana haraka. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya nyumba ile, na ilifuatwa kuliko adabu nyingine yoyote.

Daktari alisema maji ya moto yangemsaidia. Mumewe, bila kumwuliza mtu, akanunua jakuzi, lile beseni kubwa la maji moto linalopuliza mapovu, akaliweka uani juu ya sakafu ya zege. Lilifika mtu kiunoni. Likakaa pale peke yake kama tangi lililosahauliwa, na hakuna aliyelisogelea.

"Shemeji," mume huyo alimwambia Msanii, "lile dude linatisha. Nijengee kitu pale pembeni, mtu akipaona tu atamani kuvua viatu."

Hakutaja magoti ya mtu. Alisema wote watafaidi.

Msanii alikuwa na mtindo wake wa kazi. Kabla ya kukata hata ubao mmoja, alichora kila kitu chini kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, kisha akamtembeza mwenye nyumba ndani ya mchoro. Basi akamwita dada.

"Hapa ngazi. Hapa jukwaa lenyewe, linafika ukingoni mwa jakuzi, mtu anakaa halafu anageuza miguu anaingia. Hapa benchi la kuwekea taulo. Huku ukuta wa fito, jirani asitupigie chabo."

"Na hii mistari miwili?" dada aliuliza.

"Ah, hiyo reli. Ya kushikia." Alisema haraka, macho chini kwenye chaki.

Dada alipita katikati ya ile mistari, mkono ameunyoosha kidogo kana kwamba reli imeshawekwa, akapanda ngazi zote mpaka juu. Ngazi za chaki hazina kimo, bwana. Alizipanda kama msichana, na pale juu akacheka.

Kazi ilianza, na Msanii hajawahi kufurahia kazi kama ile. Aliacha nafasi ndogo kati ya ubao na ubao maji yapite. Aliweka kijimlango cha kufikia pampu, akakificha vizuri hata ukikitafuta hukioni. Alipaka mbao mafuta mpaka zikang'aa, akatia taa ndogo chini ya kila ngazi. Kisha akafunga reli upande mmoja kwanza, akarudi nyuma hadi getini atazame.

Reli ilikata mandhari yote. Ukiingia getini, kitu cha kwanza kukupokea kilikuwa nguzo mbili na mti wa kushikia, kama korido ya hospitali. Naye alikuwa ameshaipanga picha kichwani, picha ya kuweka kwenye simu, wateja waione wamtafute. Alisimama pale akijikuna kidevu. Halafu akarudi, akaifungua, na mahali pake akapanga vyungu vya maua. Alijiambia kwamba reli ingetangaza ugonjwa wa dada, kwamba dada angeudhika, kwamba hiyo ni adabu. Uongo huo aliumeza bila hata maji.

Siku ya kuzindua ilikuwa jioni ya Jumamosi, jua bado lipo. Walikuja majirani na ndugu. Watoto waliruka majini kabla ya mtu kuwaruhusu. Shemeji alimzungusha fundi wake kwa kila mgeni kama kombe. "Huyu ni wetu! Mikono yake mwenyewe!" Jirani mmoja akataka ajengewe kama hilo hilo. Kichwa cha Msanii kilivimba, kikakaribia kupasuka.

Ndipo dada akatoka ndani. Alikuwa amevaa vazi jipya la kuogelea, taulo begani, nywele amezifunga. Alikuwa amejiandaa, na hata kipofu angejua kwamba amefurahi. Akafika kwenye ngazi. Akainua mguu, akaurudisha. Mkono wake ukatafuta pembeni, ukakuta ua. Akalishika jani lake kidogo, kana kwamba hilo ndilo alilolifuata.

"Jamani, pamependeza!" akasema kwa sauti aliyowawekea wageni. "Nyinyi tangulieni. Mimi ngoja nipumzike kwanza."

Akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki huko kwenye majani. Mumewe akageukia ukuta wa fito na kuanza kuusifia. Wote wakakumbuka kwamba hawana haraka. Adabu ikafuatwa.

Msanii alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Masikio yalimwaka. Mtu alikuwa akimpongeza, yeye akaona mdomo unacheza tu, hasikii neno. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi yenyewe alikuwa ameifunika kwa mbao, na alizikaza mwenyewe. Mwishowe akashuka, akaenda kuchuchumaa kando ya kile kiti.

"Ile reli iko wapi?" dada aliuliza, polepole, bila kumtazama.

"Dada, niliona... watu wangesema..."

"Ndivyo nilivyodhani. Pale nilipokuta haipo, nikajiambia mdogo wangu ananionea haya. Hataki wageni wamwone dada yake anapanda kama kikongwe. Iliniuma, lakini nilikuelewa. Hata mimi najionea haya."

Hapo Msanii alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea. Angeitikia tu kwa kichwa, angesamehewa, mambo yangeisha. Lakini kumdanganya mtu aliyekuogesha si kazi rahisi, na dada sasa alikuwa amemgeukia.

"Si hivyo," alisema. "Niliitoa kwa sababu ya picha. Ilikuwa inaharibu picha."

"Picha gani?"

"Ya kuwaonyesha wateja."

Kule juu watoto walikuwa wakirushiana maji.

"Kwa hiyo mimi hukunifikiria kabisa."

"Wakati ule, hapana. Nitairudisha kesho, Dada. Kesho asubuhi."

"Bora ungenionea haya," dada alisema. "Ningekuwa nimo kichwani mwako."

Mpwa mmoja akamwita Msanii kutoka kwenye ngazi, "Mjomba, njoo! Tunapiga picha na wewe!"

"Nenda," dada akasema. "Unaitwa."

Alikosa ujasiri wa kubaki, akakosa na wa kukataa. Akainuka akaenda, akasimama juu ya mbao zake katikati ya wapwa, akaambiwa atabasamu, akatabasamu. Picha ilitoka nzuri sana.