Mkongojo wa Dani na Meza ya Snuka

Mjukuu wangu wa kike alikuja kunitembelea hapa Uriri Jumapili iliyopita. Anauza vipuri vya pikipiki huko Migori. Kabla sijamkaribisha kiti, alinisogezea simu usoni. Ndani yake kulikuwa na picha ya fimbo ya kuchezea puli, nyeusi chini na rangi ya asali juu, ya vipande viwili vinavyounganishwa kwa skrubu ya shaba.

"Kwaru," akasema, maana ndivyo tunavyomwita babu huku kwetu, "niambie ukweli. Ninunue ama nisinunue?"

Yeye hucheza kila Jumapili kwenye meza iliyo nyuma ya hoteli moja mjini, pamoja na vijana wa boda, na nasikia anawasumbua sana. Fimbo za pale, anasema, zimepinda kama miguu ya mbuzi. Nilimwambia aningoje ninywe chai kwanza. Chai ikapoa mkononi.

Hakujua, rafiki yangu, kwamba swali hilo nimekaa nalo tangu nikiwa na miaka kumi na tano.

Nililelewa Kendu Bay na nyanya yangu, ambaye nilimwita Dani kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita nyanya zao. Boma letu lilikuwa upande mmoja wa kijito, na kanisa la Wasabato upande wa pili. Ijumaa yetu haikuwa na mchezo. Kabla jua halijatua, ilibidi mtungi uwe umejaa, kuni zimepasuliwa, na chakula cha kesho kimeiva. Hadi leo nikisikia harufu ya mahindi na maharagwe yakichemka kwenye chungu, kwangu mimi ni Ijumaa, hata kama ni Jumanne.

Asubuhi ya Sabato Dani alijifunga kitambaa cheupe kichwani, akachukua mkongojo wake nyuma ya mlango. Babu aliuchonga kabla sijazaliwa, kwa mti wa powo, mti mgumu ambao wazee walitengenezea mipini ya mikuki. Ulikuwa umenyooka kabisa na ulimfika begani. Siku nyingine zote haukuguswa. Kazi yake ilikuwa kijito. Aliutanguliza majini, akapima kina, akauegemea, kisha akavuta mguu. "Huyu ndiye mume niliyebaki naye," alizoea kusema, na wanawake wenzake wa kanisani wakacheka hadi Biblia zikawaponyoka kwapani.

Kilimani juu ya boma letu, kwenye kiwanda cha pamba, wafanyakazi walikuwa na klabu, na ndani ya klabu kulikuwa na meza ya snuka. Jumapili mchana sisi wanafunzi wa sekondari tuliruhusiwa kucheza. Sijui nikueleze vipi ukubwa wa meza ile machoni pangu. Kitambaa cha kijani, harufu ya chaki na mafuta ya mitambo, mpira mweupe ukigonga mwekundu, tak, kisha kimya, kisha ule mwekundu ukidondoka kwenye wavu. Fimbo za klabu zilikuwa mbovu. Uliviringisha moja mezani, ukaiona inarukaruka, ukairudisha ukutani ukatafuta inayoruka kidogo.

Fundi wa mitambo alikuwa na yake. Aliibeba ndani ya kisanduku, akaiunganisha taratibu, akaipangusa, na hakuna aliyemshinda. Mimi nilitazama kisanduku. Sikuutazama mkono.

Siku moja fundi alitangaza kwamba Jumapili ijayo lori la pamba lingetupeleka Homa Bay kucheza na vijana wa huko. Jina langu lilikuwamo. Mwenzangu mmoja darasani, aliyezoea kunishinda, akacheka. "Wewe unaenda kubeba chaki," akasema. Niliamini kabisa kwamba nikipata fimbo yangu mwenyewe, iliyonyooka, nitamnyamazisha.

Alhamisi, Dani akiwa sokoni na dagaa zake za omena, niliutoa mkongojo nyuma ya mlango. Nilijificha nyuma ya choo na kipande cha chupa iliyovunjika, nikaukwangua. Unga wake ulikuwa mwekundu na ulinukia kama majani ya chai. Nilipunguza ncha hadi ikawa nyembamba kama kidole changu cha mwisho, nikabandika kipande cha ngozi ya kiatu. Ilikuwa kazi safi, na hilo linaniumiza zaidi. Sikumbuki kazi nyingine ya mikono yangu iliyotoka vizuri vile.

Asubuhi ya Sabato Dani alipapasa nyuma ya mlango.

"Mkongojo wangu umeuona?"

"La, Dani. Labda mchwa."

Akanitazama. "Mchwa gani huyo, anakula mti wote halafu anafagia hata unga?"

Niliinama kufunga kamba za viatu. Nafasi ya kusema ilikuwapo, rafiki yangu, na haikuwa fupi. Nilifunga kiatu cha kwanza, nikafunga na cha pili. Sikusema. Badala yake nilimletea mlingoti wa mkonge, ule mwepesi, laini ndani, nikamwambia utatosha.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mimi nilikuwa nimeshavuka niliposikia mlingoti ukivunjika. Alianguka juu ya mawe, nyonga ikavunjika, na wanawake wa kanisani wakambeba kumrudisha nyumbani, kile kitambaa cheupe kikiwa rangi ya tope.

Kesho yake nilipanda lori. Jirani alikubali kukaa naye, nami nikajiambia kwamba kukaa kwangu hakungeunga mfupa. Sitafuti neno la kulipamba jambo hilo. Nilimwacha, nikaenda kucheza.

Homa Bay nilishindwa na kijana mwembamba aliyetumia fimbo ya klabu yao, iliyopinda na kufungwa uzi katikati. Yangu ilikuwa nzito, na ngozi ilibanduka kwenye pigo la tatu. Fundi aliichukua, akaipima mkononi, akaona chini pale palipong'aa kwa kiganja cha mtu mwingine. Alichukua fimbo mbovu kuliko zote ukutani, akainama, akatia mpira mwekundu, kisha mweusi, kisha mwekundu tena.

"Kijana," akaniambia, "yangu niliitafuta baada ya miaka kumi na miwili ya kucheza na takataka hizi. Fimbo nzuri haikufundishi kitu. Inakunyima kisingizio tu. Sasa kama mkono wako bado hujaujua, unaitakia nini?"

Nilirudi na mkongojo, lakini haungeweza tena kubeba mtu. Nikauchomeka kwenye nyasi za paa la jikoni. Sikufikiri kwamba Dani angehamishiwa jikoni, karibu na moto, kwa sababu baridi ilimtesa mfupa. Alilala chali pale karibu mwaka mzima, macho yake juu. Kila Sabato tulimfungulia mlango asikie nyimbo kutoka ng'ambo ya kijito, naye akaimba sauti ya pili peke yake.

Wiki yake ya mwisho aliniita. "Ile uliyoficha huko juu," akasema, kama mtu anayeulizia chumvi, "ulishinda nayo?"

"Nilishinda, Dani."

Akafumba macho, akatabasamu. "Babu yako angefurahi."

Tangu siku hiyo nimeoa, nimezika, nimestaafu, nimesimama kanisani kuungama mambo madogo madogo. Hilo sijawahi kuligusa. Klabu imebaki kuta na magugu. Kijito kimewekewa daraja la saruji, na watoto wanakivuka mbio bila kutazama chini. Jiko lile lilianguka, na sijui nani aliokota mkongojo. Labda uliivisha uji wa mtu.

"Kwaru, umelala?" mjukuu wangu akauliza.

Nikamwambia asinunue mwaka huu. Acheze na zile za hoteli. Siku atakayokosa mpira na kujua, kabla hajainua kichwa, kwamba kosa ni la kiwiko chake, aje tuitafute pamoja. Kisha nikamsimulia haya yote, hadi pale nilipopanda lori.

Mjukuu wangu alikuwa ameizima simu.

"Na huko Homa Bay, Kwaru? Ulishinda?"

"Nilishindwa," nikasema. Nilisema kwa Kijaluo, kwa sauti kubwa, nikitazama juu, ingawa paa langu siku hizi ni la mabati.