Samaki Wabarikiwa kwa Kirendile

Mama yangu alikuja Kisumu kutibiwa macho, na wiki haikuisha kabla hajanitangazia msiba: Kirendile, lugha yetu wafuga ngamia wa kaskazini, kimekufa nyumbani kwangu. Nilimwelewa. Niliolewa na Mjaluo, nauza nguo sokoni Kibuye, na binti yangu aliyezaliwa hapa alikuwa akimjibu bibi yake kwa Dholuo. Mama alimtazama tu, kisha akanigeukia nimtafsirie, kana kwamba mtoto ni mgeni. Iliniuma sana.

Tena nilikuwa nimejaribu. Mtoto nilimfundisha kusoma Kirendile kwa alfabeti ileile ya shuleni, irabu ndefu zikiandikwa mara mbili. Kusoma alisoma. Kusema ndiko kulikomshinda, maana kwetu kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, naye alikuwa na haraka ya kukitaja. Mbele ya bibi yake aliona haya, Kirendile akakiacha kabisa.

Kanisa letu lilipotangaza Jumapili ya lugha za mama, nilipeleka jina lake bila kumwuliza. Mzee wa kanisa akakuna kichwa.

"Mama, kwani hiyo lugha yenu inaandikwa?"

"Inaandikwa, Mzee. Kwa hizi hizi herufi zako."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Nilimwandikia binti yangu baraka ambayo marehemu baba alizoea kuitoa jioni, ngamia wakiwa wamerudi zizini. Baraka ya kwetu haitolewi na mtu mmoja. Kila mstari lazima uitikiwe kwa neno lile lile moja, la sivyo haijakamilika, na pale kanisani, mbali nami niliyeiandika, mtu wa kuitikia alikuwa Mama peke yake.

Binti yangu akasoma mstari wa mvua. Kutoka benchi la tatu Mama, jicho moja limefungwa bandeji, akaitikia kwa nguvu. Watu wakageuka. Kijana wa kupanga viti akaja kumnyamazisha bibi kizee. Nikamkazia macho, akarudi alikotoka. Ukaja mstari wa ngamia, Mama akaitikia. Wa watoto, akaitikia, na sasa wachache nyuma yake wakalijaribu lile neno.

Hapo binti yangu akainua macho kutoka kwenye karatasi akaongeza mstari wake mwenyewe: Mungu azibariki nyavu za Asembo, kwao baba yake, na rech wanaovuliwa. Samaki aliwataja kwa Dholuo, lakini kitenzi alikiweka mwisho, mahali pake. Kwetu samaki si chakula, na tangu aje, Mama alikuwa akihama jikoni kila nikikaanga, ameziba pua. Neno rech alilijua vizuri.

Mama hakuitikia. Mtoto akabaki amesimama, na mimi nikajuta kwa nini nilimpeleka mbele.

Kisha Mama akainuka akaitikia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni, na kanisa zima likaitikia naye. Maana yake hawakuijua, ila walijua ni zamu yao. Nililia bila kujificha.

Tulipotoka nje alimshika mjukuu wake mkono, akaanza kumgombeza kwa Kirendile: mstari wa ngamia ameuharakisha mno, ngamia hawakimbizwi hivyo. Mtoto akajitetea, akibabaika, kwa Kirendile. Nikafungua mdomo nitafsiri.

"Nyamaza," Mama akaniambia. "Tunaongea."