Kosa la Mkwe, Lawama za Kalolaine

Kalolaine Moala hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Watu wa Neiafu, mji wa visiwa vya Vava'u, walimjua kama yule mama anayetembea haraka, mwenye flashi za kompyuta zinazoning'inia shingoni mahali ambapo wenzake huvaa msalaba, na anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya bila kutazama kitabu. Baba yake alikuwa fundi wa mashua. Yeye alipelekwa ng'ambo, Suva, kusomea kompyuta, akapata kazi hukohuko, na mama yake alipopooza akafunga virago na kurudi Vava'u bila kungoja kuitwa. Ushirika wa Simu wa Fetu'u ukampa kazi ya kutunza seva, zile kompyuta za chumba cha nyuma zinazopitisha simu na jumbe za Neiafu na za visiwa vidogo vinavyoizunguka.

Seva hizo zilitumia mfumo wa Linux, na Kalolaine alizipenda kwa sababu hazidanganyi. Kitu kikiharibika zinasema ni kipi, kwa maneno machache makavu, na mwenye subira ya kusoma atasoma. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba nusu ya kazi yake ni kusoma polepole alichoandikiwa, na nusu ya pili ni kuzuia watu wasiguse.

Kwenye hiyo nusu ya pili ndiko alikokuwa na adui, naye alikuwa bosi wake. Ndani ya kila mashine ya aina ile mna akaunti kuu. Mwenye neno la siri la akaunti hiyo haulizwi kitu wala hakatazwi kitu. Akisema futa, mashine inafuta, hata kama anachofuta ni mashine yenyewe. Kalolaine mwenyewe aliiingia mara chache, akimaliza anatoka upesi. Mkurugenzi wa ushirika, Folau Kaufusi, jambo hilo lilimkera kama mchanga ndani ya kiatu.

"Mimi ndiye bosi hapa," alimwambia mbele ya wafanyakazi wote, "halafu kuna mlango ambao fundi wangu ana ufunguo na mimi sina. Hiyo imekaaje?"

Kalolaine alimweleza, akarudia kumweleza. Kaufusi alicheka, akasema mama huyu amezilalia mashine kama kuku aliyeatamia. Hatimaye akaenda kwa kamati, kamati ikaamuru apewe, naye akapewa. Kalolaine alimsihi alitunze neno lile kwa siku ambayo yeye atakuwa amekufa au amezama baharini. Kaufusi akaitikia kwa kichwa, huku akitazama simu yake.

Mwishoni mwa mwaka akaja mgeni. Pelenatita, binti wa Kaufusi aliyeolewa Auckland, alirudi likizo na mumewe Lisiate, kijana mchangamfu aliyekuwa akiuza simu dukani. Kwa kuwa mkwe alizijua simu, Kaufusi akakata shauri kwamba anazijua na seva. Alitaka kamera juu ya mlango wa ofisi, aone kwenye simu yake nani anaingia na nani anachelewa. Jumamosi moja, Kalolaine akiwa nyumbani anamwogesha mama yake, mkurugenzi alimfungulia mkwe wake chumba cha nyuma, akampa na lile neno la siri.

Programu ya kamera ilikataa kuanza. Kila Lisiate alipoiwasha ilijibu kwamba haina ruhusa. Alijaribu hivi na vile mpaka jasho likamtoka, baba mkwe amesimama nyuma yake anauliza kama bado. Kwenye mtandao akakuta mtu amependekeza amri fupi ya kumaliza malalamiko ya ruhusa: fungua kila faili, toka juu ya mashine hadi chini, mtu yeyote asome, aandike, aendeshe. Akaiandika, akiwa ndani ya akaunti kuu, na mashine ikatii. Kamera ikawaka. Kaufusi akampiga mgongoni kwa furaha.

Asiyejua atadhani ukifungua kila kitu, basi kila kitu kitapitika. Kwa mashine hizi ni kinyume chake. Programu zinazolinda milango zina msimamo wao: zikikuta funguo zao ziko wazi kwa kila mpita njia, zinagoma kuzitumia. Na zile chache zilizokuwa na idhini maalumu ya kufanya kazi kwa niaba ya akaunti kuu, amri ile ilizivua idhini hiyo. Lisiate alibadilisha neno la siri, kwa kuwa la zamani lilikuwa gumu kuandika, kisha akaizima mashine na kuiwasha upya ili kazi ikamilike. Ikawaka, lakini huduma zake zikakataa kuamka, moja baada ya nyingine. Simu za Vava'u zikanyamaza.

Hapo ndipo palipo na jambo ambalo Kalolaine hajalimeza mpaka leo. Nyumba yake haikuwa mbali na ofisi. Kwa miguu ungefika kabla sigara haijaisha. Hakuna aliyekwenda kumwita. Kaufusi alisema mashine ni kuukuu, kesho ni Jumapili, nani atafanya kazi Jumapili, Jumatatu fundi atakuja kuona mwenyewe. Wakazima taa, wakaenda kula.

Asubuhi yake Kalolaine alikuwa kanisani, amevaa nguo nyeupe na ta'ovala yake, ule mkeka unaofungwa kiunoni kwa heshima. Ibada ikiwa katikati, mwanamume mmoja aliyelowa maji ya chumvi aliingia na kusimama mlangoni, jambo ambalo halifanywi. Aliuliza nani ana gari. Alitoka kisiwa kidogo cha magharibi. Walikuwa wamemleta binti yake kwa mashua, pumu imemkaba. Muuguzi wa kule alipiga simu tangu jana jioni kuomba boti ya hospitali, simu haikuita. Sasa mtoto yuko gatini mikononi mwa mama yake, wala hospitali haina habari.

Shemasi alitoka mbio na funguo za gari. Kalolaine naye akatoka, kwaya ikiwa inaanza ubeti, na mke wa mchungaji akimsindikiza kwa macho.

Ofisini alijaribu kuingia kwenye seva kupitia kompyuta yake, akakataliwa. Akaenda kukaa mbele ya seva yenyewe. Ikampokea kwa jina lake, lakini alipoomba mamlaka ya akaunti kuu ikamjibu kwamba programu ya kumpa mamlaka hayo imepoteza idhini yake. Akajaribu kuingia moja kwa moja kwa akaunti kuu. Neno la siri likakataliwa. Yeye hakuwa amelibadilisha. Akaagiza mashine impe orodha ya mafaili na ruhusa zake. Yote yalikuwa wazi, kwa kila mtu, mstari hadi mstari. Baadaye alimwambia mumewe Semisi kwamba alijisikia kama mtu anayerudi nyumbani na kukuta milango imeng'olewa, halafu anaambiwa ni kwa ajili ya hewa.

Hakuwa na nafasi ya kukasirika. Alivua flashi moja shingoni, akaiwasha mashine kwa mfumo wa dharura uliokuwa ndani ya flashi hiyo, akapata njia ya kufika kwenye diski. Pembeni palikuwa na seva ya pili, pacha wa ile, ambayo Lisiate hakuigusa. Kalolaine alichukua kwa pacha huyo ruhusa za kila faili la mfumo, akazirudisha kwa mgonjwa. Yale ambayo pacha hakuwa nayo, visanduku vya jumbe, funguo za wateja, aliyarudisha kwa mkono, akiyapitia moja moja. Semisi alimletea lū kutoka kwenye tanuri la ardhini, nyama na majani ya taro bado vinafuka moshi, na chakula kikapoa pale mezani. Alasiri simu zikaanza kuita. Ya kwanza kupigwa na Kalolaine ilikuwa ya hospitali. Mtoto anapumua, walimwambia. Ameshaomba ndizi.

Kalolaine aliweka kichwa mezani, akalia kidogo, kisha akala lū iliyopoa.

Jumanne alikuwa dukani ananunua nyama ya kopo, redio ya mwenye duka ikawa inasoma matangazo. Likaja la ushirika. Ushirika wa Simu wa Fetu'u unawaomba radhi wanachama kwa kukatika kwa huduma, kulikosababishwa na uangalizi hafifu wa mitambo, na hatua zinachukuliwa dhidi ya mhusika. Vava'u nzima ilijua nani anaangalia mitambo. Mwenye duka aliinamia mizani yake. Mwanamke mmoja kwenye foleni, mzaliwa wa kisiwa cha yule mtoto, alimtazama Kalolaine kuanzia miguuni hadi kichwani, akageuka.

Aliacha kopo juu ya kaunta, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya mkurugenzi. Hakubisha hodi.

"Lile tangazo ni langu?" aliuliza.

Kaufusi alimwomba aketi. Hakuketi. Basi mkurugenzi akaanza kuzungumza kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi. Alisema anajua kilichotokea, wala hamlaumu moyoni.

"Lakini fikiria, Mama Kalolaine. Lisiate ni mkwe, ni mgeni. Nikimtaja, binti yangu ataficha wapi uso? Wewe ni wa hapa. Watu wanakupenda. Watasahau."

"Wasahau nini, bosi? Kosa ambalo sikufanya?"

"Ni maneno tu ya redio."

"Mtoto angekufa, ungesoma maneno gani?"

Kaufusi alisema hatua zinazochukuliwa ni onyo tu, halitamgusa mshahara. Kalolaine akamwambia kwamba onyo hilo alichukue yeye, na kwamba haachi kazi, ili asipate raha ya kusema amekimbia. Alitoka, akapita mvuani bila kufungua mwavuli.

Siku zilizofuata alifanya kazi kimya. Jumapili hakwenda kwaya. Semisi alitaka kwenda kumtafuta Kaufusi kwenye kilabu cha kunywea kava wamalizane kiume. Mkewe akamkataza, akasema hataki kugombewa kama mbuzi.

Jioni moja, mvua ikinyesha, Semisi alichungulia dirishani akaona watu wawili wamekaa chini uani. Ni Lisiate na Pelenatita. Kijana alikuwa amejifunga mkeka mkuukuu uliochanika na kuvaa shingoni kamba ya majani ya ifi, kama anavyovaa mtu aliyekuja kuomba kusamehewa kosa zito. Hawakuita. Walikaa tu, vichwa chini, matope yakiwarukia.

Kalolaine alimaliza kumlisha mama yake. Akaosha bakuli.

"Toka basi, mke wangu," Semisi alisema. "Wanalowa."

"Walowe," akasema, akaanza kuosha vijiko.

Alipotoka, Lisiate hakuinua macho. Alisema hakujua tangazo limesomwa. Pelenatita alilisikia kwa jirani, akalia siku nzima. Lisiate hakujitetea kwamba alisukumwa. "Mimi ndiye niliyeandika ile amri, dada. Sikujua inafanya nini, na niliona aibu kusema sijui."

Hasira aliyokuwa nayo Kalolaine haikuwa ya huyu. Akainama, akamvua yale majani shingoni, akawaambia waingie wakaushe nguo. Lakini wakiwa wanakunywa chai alimwambia wazi kwamba msamaha wa uani haumtoshi, kwa sababu yeye hakusingiziwa uani.

Lisiate alielewa. Kwenye mkutano wa wanachama, katika ukumbi wa kanisa, alisimama bila kuitwa. Alisema yote: kamera, amri, neno la siri na nani alimpa, na jinsi walivyozima taa wakaenda kula. Yule mwanamke wa dukani alikuwa safu ya mbele. Alifunika mdomo kwa kiganja. Kaufusi alikuwa meza kuu, akipanga na kupangua kalamu zake. Alipopewa nafasi ya kujibu alisema ajenda inayofuata ni ukarabati wa minara.

Kamati ilifuta onyo na redio ikasoma masahihisho, mara moja, saa ambayo watu wako mashambani. Kaufusi alibaki mkurugenzi. Lisiate alirudi Auckland na mkewe, na kila Krismasi humpigia Kalolaine simu, wanaongea kama ndugu.

Na mkurugenzi, je? Hajamwomba radhi. Kila Jumapili baada ya ibada anampa mkono mlangoni mwa kanisa, anamuuliza hali ya mama. Kalolaine anampa ncha za vidole, anasema mama hajambo, na kupita.