Fungu la Ami Laroussi

Miaka kumi na tisa Mounira aligawa oda katika karakana ya mazulia mjini Kairouan, Tunisia. Anayedhani kazi hiyo ni kubonyeza kompyuta tu hajawahi kugawa mkate mmoja kwa wenye njaa watatu.

Watia rangi ya sufu walikuwa watatu. Wawili walikuwa na mashine. Bei yao nafuu na hawakuchelewa. Wa tatu, Ami Laroussi, alikuwa na sufuria moja ya shaba, kubwa ya kuogea mtu, na kikohozi. Nyekundu yake haikuwa na mfano, lakini kila msimu alizidi kuchelewa. Mwaka ule kompyuta ikampa sifuri.

"Mtoe," alisema Si Ridha, yaani Bwana Ridha, mkubwa wa karakana. "Tunafanya biashara au tunalea wazee?"

"Si Ridha, moto ule unawaka tangu enzi za babu yake."

"Basi akauote!"

Mounira alibishana naye siku tatu, akaambulia kilo ishirini kati ya mia nne. Aliipeleka sufu mwenyewe, moyo kwatu, akijiona amemwokoa mtu.

Mzee aliipima kwa macho.

"Ishirini, binti yangu?"

"Haba na haba, ami."

"Haya. Mkono wako haurudishwi."

Wiki mbili baadaye alikwenda kuichukua. Nyekundu ilikuwa nzuri mpaka inaumiza. Lakini mekoni palikuwa na majivu baridi, na sufuria haikuwepo. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameibeba asubuhi.

"Ile hula kilo sitini," alisema mzee, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Mounira. "Uitie sitini, uitie ishirini, maji yaleyale, kuni zilezile. Malipo ya ishirini hayanunui kuni nyingine, ndiyo maana nimeiuza. Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu. Sufuria si kibaba."

"Sasa mbona hukukataa?"

"Umekuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, nikufukuze? Ungenipa sifuri, ningekaa na kuni zangu nikangoja oda ya mtu mwingine."

Miaka yote ile Mounira alijua kilo ambazo karakana inataka. Kilo ambazo sufuria inataka hakuwahi kuuliza, hata siku moja.

Alirudi kazini na furushi lake. Kwenye kompyuta jina la Laroussi lilikuwa bado na asilimia tano, zile alizozipigania. Akalifuta kwa mkono wake.