Matao ya Kupachika

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja karibu na soko la Kanyangi, nilifika kabla lango halijafunguliwa. Nilikuwa nimejiuliza nikichelewa watasema nini, kisha nikajiuliza nikiwahi mno watasema nini. Nilikuwa mwalimu wa mkataba, shahada ya hisabati bado mpya. Mwalimu mkuu aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Madam, wewe utachukua jometri. Hapa hakuna mtu anaitaka."

Mimi nilikuwa naitaka. Niwaeleze ambao hawajaigusa tangu shuleni. Ukitaka kuunda pembe ya digrii sitini, hupimi kwa protrakta, kile kipimapembe. Unashika bikari, kile chombo cha miguu miwili, mmoja una sindano na mwingine umeshika penseli. Unachoma sindano mwanzo wa mstari, unazungusha tao, yaani kipande cha duara, mpaka likate mstari. Bila kubadilisha upana, unahamishia sindano pale lilipokata, unazungusha tao la pili likutane na la kwanza. Unaunganisha hapo yalipokutana na mwanzo wa mstari. Sitini imepatikana, na mtoto anajua kwa nini ni sitini.

Wiki hiyo mwalimu mwandamizi, mama aliyefundisha hisabati miaka mingi, alisimama nyuma ya darasa langu kidogo, halafu akaniita nje.

"Madam, ukienda hivi silabasi utamaliza lini?"

"Nataka waelewe, mwalimu."

"Waelewe, sawa. Lakini wafundishe ile yetu. Protrakta kwanza, wapime sitini, wachore mstari. Halafu wapachike matao mawili hapo juu, yakae vizuri. Mwenye kusahihisha akiona matao, akipima apate sitini, kwisha."

"Huo si udanganyifu?"

"Ai, wewe. Huo ni kusaidia mtoto wa watu."

Sikuifundisha. Nilijisemea huo ni ugonjwa wa shule moja. Baadaye nikahamishiwa Makueni, shule ya upande wa Kasikeu, gredi ya tisa, nikaukuta huko pia, na hakuna aliyeuonea aibu. Watoto walikuwa wamefunzwa tangu gredi ya saba. Walipachika matao kwa mkono, wengine kwa kuzungusha kifuniko cha soda.

Aliyekubali kuanza upya kwa bikari alikuwa Mwende, msichana mkimya aliyetaka kwenda mkondo wa sayansi katika shule ya upili. Mzee wake, fundi wa redio pale sokoni, alikuwa amemwambia akikosa alama za hisabati asahau. Alirudia kuchora mpaka karatasi ikajaa matundu ya sindano.

"Mwende, hiyo ni pembe ama unashona kiondo?" wenzake walimtania.

"Nashona. Nikimaliza nitakubebea vitabu, maana wewe huvisomi."

Ulipofika mtihani wa shule ambao alama zake hutumwa mbele kwa baraza la mitihani, bikari aliyoazima ilikuwa imelegea skrubu. Miguu ilisogeleana kidogo alipohamisha sindano. Hatua zake zote zilikuwa sahihi, lakini pembe ikatoka hamsini na nane. Wenzake wote walipata sitini kamili. Nikapitisha kidole nyuma ya kila karatasi, kwa sababu sindano huacha tundu unaloweza kulihisi. Karatasi yenye matundu ilikuwa moja tu, ya Mwende.

Nikampa alama za hatua zote. Wale wengine nikawapa alama za mstari peke yake. Nikapeleka karatasi kwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, nimejiandaa kujibu kila swali.

"Madam, darasa zima limeanguka?"

"Hawakuunda pembe, mwalimu. Walipima. Wacha warudie mbele yako, bila protrakta."

"Na wakishindwa? Wewe ndiye utasimama kwa mkutano wa wazazi? Hamsini na nane si sitini. Hiyo ndiyo hisabati ninayojua."

Akanyoosha mkono, akazichukua karatasi zote, akazisahihisha upya mbele yangu kwa protrakta ya plastiki. Waliopachika wakapata zote. Mwende akapata sufuri. Nilisema kwa sauti kwamba sikubali, na nikasema tena kwa afisa wa mtaala anayekagua shule zetu. Kila mmoja alinijibu kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Mkataba wangu ulipokwisha, haukuongezwa.

Sasa niko nyumbani Malili, nimestaafu kabla sijaota mvi hata moja. Ninyi mnaoingia kazini mtaambiwa kwamba watoto wetu wa Ukambani hawaiwezi jometri. Msikubali. Wanaiweza. Sisi wakubwa ndio tuliowakataza, tukauita huo ukatazaji msaada, na anayekataa kusaidiwa hivyo tunamwadhibu kwa kalamu nyekundu. Hilo linanichoma kuliko kupoteza kazi.

Siku ya matokeo Mwende alinisubiri nje ya ofisi. Nilimweleza yote: skrubu, hatua zake, nilivyobishana. Alisikiliza huku akikunja karatasi yake.

"Sawa, Madam. Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Nianzie na protrakta."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mwanafunzi mzuri aliyepata jibu, akaniaga kwa heshima, akaenda darasani.