Sista Casilda na Mikate Kumi na Mmoja

Enyi waamini wa Chaquimarca, wa mjini na wa milimani, wanaume mvue kofia na wanawake mnyamazishe watoto! Hapa yanaandikwa maisha ya mteule wa Mungu, kwa kibali cha Mama Mkuu mwenyewe. Kibali hicho nilipewa Jumatatu, pamoja na adhabu ya kukosa jamu mwezi mzima, baada ya kuku kukutwa amekaa ndani ya kiti cha kitubio, upande wa padre. Mama Mkuu alisema kwamba msichana mwenye muda wa kumfundisha kuku kuungamisha watu hakosi muda wa kuandika maisha ya mtu mwema. Basi naandika. Kanisa bado halijamtangaza mtakatifu. Tuliomtangaza ni sisi, tena kwa kuchelewa.

Alizaliwa Casilda Huallpa tarehe 9 Aprili 1902, katika kitongoji cha Ccollpa, juu ya mji, ambako viazi huganda vikiwa bado ardhini. Baba yake alichunga lama, wanyama wa sufu na mizigo, mali ya watu. Mama yake alifariki akimzaa mtoto wa pili, wa kiume, naye mtoto akaishi siku tatu tu. Hakubatizwa, kwa kuwa baba alikuwa akimngoja msimamizi wa ubatizo kutoka mjini, mtu mwenye viatu. Ndivyo tulivyo: mtoto hapelekwi kwenye maji mpaka apatikane msimamizi wa kujivunia, na baridi ya Juni haiwajui wasimamizi. Mtoto akazikwa nje ya ukuta wa makaburi, kando ya kijito, kama walivyozikwa wote wa namna yake, bila msalaba wala sala. Casilda, aliyekuwa na miaka sita, aliuliza ndugu yake anaitwa nani. Baba akamjibu, "Hana jina, mwanangu. Jina hutolewa na maji."

Alipofikisha miaka kumi na saba alishuka mjini na kugonga mlango wa watawa. Mama Mkuu wa wakati ule alimuuliza anajua nini.

"Kuoka, Mama."

"Na kusali?"

"Nasali nikiwa naoka."

Wakampokea jikoni, wakamvika shela nyeupe, wakamwahidi nadhiri baada ya miaka kumi na miwili. Binti za wenye mashamba walingoja miaka miwili. Sababu ya tofauti hiyo haikuandikwa popote, nimeitafuta.

Kila mwaka, kabla ya Siku ya Marehemu Wote, kila nyumba hapa huoka mikate yenye umbo la mtoto aliyefungwa nguo, yenye uso na jina la marehemu, ikapelekwa makaburini. Tanuri kubwa ni la watawa, hivyo wanawake huja na unga wao uliokandwa na kungoja zamu. Mtu anayengoja mkate huutazama moto, na anayeutazama moto husema. Mbele ya tanuri lile wanawake walimwambia Casilda mambo ambayo padre hakuwahi kuyasikia. Fermina Ticona, mtumishi wa miaka kumi na tisa, alimwambia habari za mtoto aliyemzaa peke yake ghalani, akafa kabla hakujapambazuka. Alimwita Rosendo, kimoyomoyo. Mkate hakuweza kumwokea, maana asiyebatizwa hana mkate, na msichana asiye na mume hana mtoto.

Mwaka 1931 ulikuwa mwaka wa nadhiri zake, na siku ilikwisha kupangwa: tarehe 8 Desemba. Lakini asubuhi ya tarehe 2 Novemba ilikutwa mikate kumi na mmoja kando ya kijito, nje ya ukuta, kila mmoja umefungwa kitambaa na kuandikwa jina kwa sukari. Mmoja ulikuwa wa mdogo wake, aliyempa jina la Eusebio. Kumi ilikuwa ya wanawake waliomweleza siri zao. Unga aliupata kwa kukung'uta magunia matupu mwaka mzima. Hakumwambia mtu, na kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba mwandiko wa sukari ulikuwa wake na mji mzima uliujua.

Kabla ya adhuhuri mji ulikuwa umepata maelezo yake pale bombani.

"Kumi na mmoja! Kwani ana miaka mingapi pale jikoni?"

"Kumi na miwili, shoga."

"Basi mwaka mmoja alipumzika!"

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Wanne kati ya waliocheka walikuwa na mkate pale kijitoni.

Aliitwa mbele ya Padre Ladislao na watawa wote. Padre akauliza, "Watoto hawa ni wa nani?"

"Ni wa Mungu, Padre."

"Mama zao ni nani?"

Mama Mkuu wa wakati ule, ambaye nasikia alimpenda, alimwomba kwa machozi, "Binti yangu, taja mama mmoja tu, mmoja, na tarehe nane unaweka nadhiri."

Casilda akasema, "Mikate nimeoka mimi, Mama. Adhabu ni yangu."

Wakamvua shela. Nadhiri zikafutwa, naye akanyimwa Komunyo mpaka atakaposema. Hakusema kwa miaka kumi na sita. Wakati wa Misa alipiga magoti karibu na mlango, na wenzake waliposogea altareni yeye alitazama sakafu. Kila Novemba aliuokea mji mzima. Wanawake waliendelea kuja na unga wao, lakini hakuna tena aliyezungumza mbele ya moto. Fermina alikuwa akiweka sinia lake chini na kusema, "Wangu usiungue," kisha anaondoka haraka. Casilda hakuunguza hata mmoja.

Julai 1947 baridi ilimwingia mapafuni. Padre mpya, kijana, alipomwona alilia, akakimbia kuomba ruhusa ya kumpa Komunyo. Ruhusa alipewa. Aliporudi nayo, Casilda alikuwa amekwisha kufa, mikono yake ina unga kwenye kucha. Wakamzika nje ya ukuta, kando ya kijito. Hakwenda mtu, isipokuwa Fermina, aliyesimama mbali, shali mdomoni.

Yanasimuliwa maajabu. Kwamba tanuri lilikaa na joto siku tatu bila kuni. Kwamba jalidi, ile barafu ya alfajiri, haigusi nyasi za kaburi lake. Lakini ajabu kuu ni la Novemba iliyopita, 1963, ulipokutwa juu ya kaburi mkate wa mtoto aliyevaa shela, ambao hakuna nyumba iliyouoka, na juu yake kwa sukari: NIMEWASAMEHE. Mji ulilia. Askofu akatuma mjumbe. Mbele ya mjumbe huyo akasimama Mama Fermina, sasa mwenye miaka hamsini na mmoja, muuza supu sokoni, mume na wajukuu wakimtazama, akasema, "Rosendo ni wangu. Casilda hakuzaa kamwe. Nilijua, nikanyamaza." Wakasimama wengine sita. Watatu walikwisha kufa. Mjumbe akataka mifupa ya Casilda ihamishiwe ndani ya makaburi. Wanawake wale saba wakakataa ahamishwe peke yake, watoto wabaki nje. Kilichohamishwa ni ukuta: ulibomolewa, ukajengwa upya ng'ambo ya kijito.

Hapo nilikuwa nimemaliza. Jana nilimpelekea Mama Fermina kurasa hizi anisahihishie tarehe. Hajui kusoma, nikamsomea. Nilipofika kwenye mkate wenye shela, alinishika kifundo cha mkono.

"Ule mkate niliuonja. Ulikuwa mgumu kama kwato. Casilda alioka miaka ishirini na minane, wewe mtoto. Hata kama amekufa, angesahau hamira?"

Nilisema labda mbinguni ni juu sana, unga hauumuki.

"Hebu nitazame. Mlitaka nini, ninyi wasichana wa bweni la watawa?"

"Kucheka, mama. Tulitaka kumwona Mama Mkuu akikimbia."

"Na lile neno?"

"Lilikuwa linatosha kwenye mkate."

Hakunipiga. Alikoroga supu yake muda mrefu.

"Kumbe ulijua tangu siku ile," nikasema. "Mbona ulisimama?"

"Miaka thelathini na miwili nilingoja mtu anisukume. Nikasukumwa na mtoto mtundu. Niliyoyasema yalikuwa kweli, hayo yaache."

"Na msamaha, mama?"

"Huo sijaupata. Andika hivyo."

Basi waamini, mwigeni Casilda aliyetunza siri za watu hadi kaburini, na mwigeni Fermina aliyeitoa ya kwake. Ajabu kuu nililoandika hapo juu lifutwe. Mkate ule nilioka mimi, Nélida Choque, wa bweni la pili, kwa unga niliouiba jikoni kwa watawa. Na neno nililoliandika juu yake halikuwa langu kulitoa.