Kibao cha Lugha ya Mama

Kidato cha nne nilimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na mke, mtoto na dalili za upara. Siku niliyopokea cheti, Mlima Meru ulivua mawingu yake kunipa heshima. Mke wangu anasema lilikuwa jua la kawaida tu, lakini yeye hana jicho la mambo makubwa. Tangu siku hiyo nikawa nasahihisha watu. Nilisahihisha mabango ya mahubiri, menyu za mama lishe, barua za balozi wa nyumba kumi na salamu za shemeji yangu. Nikitoka nje, nusu ya mtaa wetu wa Sombetini ilikuwa inavuka barabara.

Kwa hiyo niliposikia kwamba chuoni, upande wa Makumira, kuna profesa mgeni anatafuta mtu mmoja mwenye sikio zuri, nilijua habari imenifuata mimi.

Profesa alikuwa bibi wa Kifini, mwembamba, mwenye Kiswahili kisicho na haraka, maana alishaishi kwetu miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kulinganisha sauti za ukoo mmoja wa lugha unaoitwa Kiurali: Kifini chake, Kiestonia, Kihungari na ndugu wengine waliotawanyika huko kwenye baridi. Alitaka kujua kitu kimoja. Mtu asiyejua hata neno moja la lugha hizo, akizisikiliza tu, anaweza kutambua zinafanana wapi na zimeachana wapi? Tungesikiliza kwa wiki mbili, tungefanya mtihani, na mmoja wetu angebaki kuwa msaidizi wake kwa mkataba wa miaka miwili.

Tulijitokeza watano. Watatu walikuwa wanafunzi wa chuo, vijana wa simu na miwani. Wa nne mimi. Wa tano alikuwa mama wa usafi wa jengo tulilokutania, Mwarusha wa magharibi ya mlima, mwenye umri wa mama yangu mdogo. Aliingia na ndoo, akaiweka nyuma ya mlango, akaketi.

"Usafi wanampa mkandarasi," alituambia bila hata kuulizwa. "Sisi wa zamani mwisho wetu mwezi huu. Nikikosa hii kazi ya kusikiliza, sina pa kulala ila kwa mke wa kaka yangu, na yule hanipendi hata nikiwa usingizini."

Tulicheka. Alikuwa amesema kwa namna ya kuchekesha, lakini sisi tulicheka kuliko alivyokusudia.

Profesa alikuwa akitufungulia chumba asubuhi, anaacha spika na kadi za maneno, anakwenda kufundisha. Chumba kisicho na mwalimu kinahitaji kiongozi, na kiongozi nikajiteua. Siku ya pili nilikuja na kibao. Waliosoma shule za msingi za kwetu wanakijua: ukikutwa unaongea Kimeru au Kichaga au Kimaa, unavalishwa, unakivaa mpaka umsikie mwenzako amekosea, unamhamishia. Mimi nilikivaa darasa la tatu mpaka kamba ikanichora shingoni alama ambayo, kwa kipimo changu, ilidumu miaka kumi. Sasa nilikata kipande cha plaiwudi, nikatoboa matundu mawili, nikapitisha kamba ya katani, nikaandika kwa wino mzito: NIMEONGEA LUGHA YA MAMA.

"Hapa ni sayansi," niliwatangazia. "Kiswahili peke yake. Atakayekutwa na kibao saa sita anafagia chumba."

"Yeyo atafurahi," akasema kijana mmoja mwenye miwani, akimwita mama kwa Kimaa cha dhihaka. "Kufagia kwake si adhabu, ni overtaimu."

Wengine wakapiga meza. Mama naye akatabasamu, maana angefanya nini?

Nisiwadanganye, kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Spika inatoa neno la Kifini, halafu la Kiestonia, halafu la Kihungari, na wewe unapanga kadi: yapi yanakwenda pamoja? Mimi nilipanga kwa urefu wa neno. Wale vijana walipanga kwa herufi, na wakachanganyikiwa walipogundua kwamba Mhungari akiandika s anatamka sh. Wote tulisikia kwamba ukoo ule unakanyaga kwa mkazo mwanzo wa neno, wakati Kiswahili kinakanyaga karibu na mwisho. Nililitangaza jambo hilo kana kwamba nimegundua Tanzanite. Zaidi ya hapo tulikuwa viziwi watano.

Wanne, nisahihishe.

Mama alikuwa akisikiliza huku amefumba macho, akirudia kila neno polepole, na katikati ya kurudia anajisemea kwa Kimaa, lugha ya kwao. Hapo ndipo nilipomngojea. Kila akijisemea, kibao shingoni. Na kwa kuwa sisi wanne hatukuwa na haja ya lugha nyingine mle ndani, hakuwa na wa kumhamishia. Alikivaa Jumanne. Alikivaa Jumatano. Alhamisi alikuta kimening'inizwa kwenye kiti chake kabla hajakaa.

"Bado sijasema kitu, mwanangu."

"Tunakuwekea akiba, yeyo," nikamwambia. Yule wa miwani alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikajiona mchekeshaji wa kimataifa.

Alikivaa. Akafumba macho. Saa sita, wenzetu walipotoka kwenda kunywa chai, mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimepanga kadi zangu ovyo na sikutaka waone. Alikuwa anafagia. Akasimama mezani kwangu, kibao kinagonga kifua.

"Hizi umezilaza vibaya," alisema. "Sikiliza huyu Mfini. Talossa. Kylässä. Mwisho ni uleule, ndani ya nyumba, ndani ya kijiji, profesa alituambia. Lakini sauti ya mwisho imegeuka ifuate ya mwanzo. Sauti za neno moja zinalala zizi moja. Ndama na ndama, mbuzi na mbuzi."

Nikafungua spika. Ni kweli.

"Na Mhungari ni hivyohivyo. Házban. Kertben. Ndani ya nyumba, ndani ya bustani. Anageuza." Akazisogeza kadi kwa kidole chenye harufu ya dawa ya sakafu. "Ila huyu wa Estonia amebomoa zizi. Külas. Kijiji kilekile cha Mfini, lakini mbuzi amemlaza na ndama. Ndugu wawili wameshika mila, mmoja ameacha."

"Umejuaje, mama?" Kwa mara ya kwanza sikumwita yeyo.

"Sisi kwetu tunayo. Si sauti hizihizi, zetu zinatoka kooni zaidi, lakini nazo hazikubali kuchanganywa. Ndiyo maana najisemea. Nikijaribu kwa Kiswahili sisikii, nikijaribu kwa kwetu nasikia." Akagusa kibao. "Usiniongezee hiki, nimekwambia kwa Kiswahili."

Mtihani ulikuwa Ijumaa ya wiki ya pili. Tuliingia mmojammoja. Mimi nilikuwa wa kwanza, kwa sababu karatasi ya majina niliiandika mimi. Nikazilaza kadi zizi kwa zizi, nikamweka Mfini na Mhungari upande huu, nikamtenga Mwestonia, nikatoa hotuba: ndama na ndama, mbuzi na mbuzi. Profesa aliacha kuandika.

"Hili la zizi umelitoa wapi?"

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nje, kwenye benchi, niliziona ndala za mama. Zilikuwa zimetulia.

"Nimekulia kwenye mifugo," nilisema. Mimi, mtoto wa Sombetini, ambaye ng'ombe namfahamu kwa supu.

Mama alipoingia baada yangu alizipanga kadi vilevile, akasema maneno yaleyale ya zizi. Profesa alituita pamoja, akauliza kwa upole kama tulisoma pamoja. Nikawahi. "Mama alikuwa akifagia wakati nikifanya mazoezi. Ana kumbukumbu nzuri sana."

Mama alinitazama. Nilitegemea apige kelele, na kelele nilikuwa nimejiandaa nayo, nina maneno mengi. Alisema tu, "Mwambie, mwanangu." Akangoja. Nikaangalia kadi. Akachukua ndoo yake nyuma ya mlango. Wale vijana walikuwa koridoni. Yule wa miwani akamvalisha kibao, akisema ni cha kuagia, na wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nasaini mkataba.

Mwezi wa kwanza wa kazi profesa alinionyesha kwamba hata Kiswahili kina kizizi chake kidogo: pika inazaa pikia, soma inazaa somea. Miaka yote ya kusahihisha watu, nilikuwa nacho mdomoni na sikukisikia. Mwezi wa pili akasema, "Sasa tulinganishe na Kimaa. Wewe wa mifugo, niletee maneno mia mbili." Nilikuwa nayo manne, mawili ya matusi.

Nilimkuta mama kituo cha Maji ya Chai, kando ya barabara, amepanga ndizi juu ya gunia. Alikuwa amepungua. Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa akimfokea juu ya mkungu uliopondeka, nikaelewa huyo ndiye wifi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilieleza shida yangu kwa utani mwingi, nikatoa daftari. Nilimwambia kwamba profesa akijua ukweli wa lile zizi, huenda na yeye akapata nafasi. Aliuliza, "Profesa amejua?" Nikasema bado, kwanza maneno, halafu nitamwambia.

Akapanga ndizi zake upya, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo.

"Lugha ya mama hairuhusiwi, mwanangu. Utanivalisha."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi lilikuwa limesimama, abiria wakamzunguka, akawa anawauzia kwa Kiswahili safi, Kiswahili peke yake, mpaka nilipofunga daftari.